Friedrich Laibach na kajani kake kadogo

Mu mashamba ya Ulaya kunaota kajani kamoja kadogo: majani yamelala chini kama kisahani, shina nyembamba, maua meupe madogo-madogo. Watu wanakakanyaga bila kukaangalia. Mu vitabu kanaitwa Arabidopsis thaliana, na kako mu jamaa moja na shu na haradali. Kuna mtu mmoja aliyekaamini mbele ya wengine: Friedrich Laibach.

Alizaliwa mwaka wa 1885 mu muji wa Limburg, Ujerumani. Alisomea Bonn, kwa Profesa Eduard Strasburger. Kule alihesabu mu mikroskopi kromozomu za ile kajani, ni kusema zile nyuzi zinazobeba urithi. Alikuta jozi 5 tu, akatangaza mwaka wa 1907. Lakini zilikuwa ndogo mno, na yeye alitaka kubwa za kuchunguza vizuri. Basi, akakaacha.

Miaka zaidi ya 30 ikapita. Laibach akawa profesa mu Frankfurt. Mu 1925 alionyesha jambo lingine: alitoa viini vya kitani chotara, vilivyokuwa vinakufa ndani ya mbegu, akavilisha maji ya sukari, vikaota.

Kisha akarudilia kajani kake. Mu 1943, vita ikiwa kali, aliandika sababu zake: kanaota upesi, kanazaa mbegu mingi, hakaombi fasi kubwa, na kromozomu zake ni chache. Mwanafunzi wake Erna Reinholz alipiga mbegu miale ya X, akapata mimea yenye sura mupya.

Lakini wenye kumufuata walikuwa wachache. Wengi walishikilia mahindi, mimea yenye kulisha watu. Laibach hakuchoka. Aliendelea kukusanya mbegu za fasi mbalimbali na kuzigawa. Zingine zilifika kwa György Rédei, Mhungaria, aliyezipeleka Marekani, mu Missouri, mu 1957.

Laibach alikufa mu 1967, kajani kake kikiwa bado hakana jina kubwa. Mu 2000, wanasayansi walimaliza kusoma urithi wake wote: mmea wa kwanza duniani kusomwa hivyo. Leo, mtu anayetafuta kujua namna gani mpunga ao mahindi yanajua saa ya kutoa maua, mara mingi anaanza na ile kajani. Hakaliwi, hakauzwi sokoni, lakini kanafundisha mashamba yetu.