Haddow: Mtafiti Aliyehesabu Mbu Kabla ya Maradhi

Mtu ateremkaye kutoka Sumbawanga kwenda Kasanga huvua koti lake njiani. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita elfu moja chini yake. Baridi hiyo imewafanya wengi wetu waamini kwamba mbu ni shauri la watu wa ziwani, wa bonde la Rukwa na wa visiwani. Kwa sababu hiyo tunapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu, wakaaji wa visiwa pamoja na watumishi wa serikali, maisha ya mtu aliyetumia zaidi ya miaka ishirini katika Afrika ya Mashariki akiuliza mbu anaishi wapi, anauma saa ngapi, na ni kitu gani kinachomzuia asivuke mpaka wake.

Mtu huyo ni Alexander John Haddow, aliyezaliwa Glasgow, nchini Uingereza, mwaka 1912. Alisomea kwanza elimu ya wanyama, ndipo akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1938. Kisha akaja Kisumu, na huko akachunguza mbu walalao katika nyumba za wananchi na jinsi joto na unyevu wa ndani unavyowafaa. Mwaka 1942 alijiunga na taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ya Entebbe, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Mfuko wa Rockefeller wa Marekani.

Wataalamu wa Entebbe walikuwa na fumbo mbele yao. Walichukua damu ya watu, wakatenga maji yake, wakayachanganya na virusi vya homa ya manjano na kuwadunga panya weupe. Panya wakifa, mwenye damu hakuwa na kinga; panya wakipona, ilikuwa ni dalili kwamba mwili wa mtu yule ulikwisha kupambana na maradhi hayo na kujijengea kinga. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba huko Bwamba, magharibi ya Uganda chini ya milima ya Ruwenzori, watu wengi walikuwa na kinga hali hapakuwa na habari ya homa kubwa iliyowaua. Basi maradhi yalikuwa yakiishi wapi?

Haddow aliitafuta jibu msituni. Alijenga madungu juu ya miti, moja juu ya jingine, kuanzia karibu na ardhi hadi kwenye vilele, na juu ya kila dungu wakakaa watu wa kukamata mbu usiku na mchana, saa baada ya saa, wakiandika kila mbu aliyetua. Hesabu hizo zilionyesha kwamba mbu aitwaye Aedes africanus huuma zaidi juu katika vilele vya miti, muda mfupi baada ya jua kutua, wakati kima wanapokuwa wametulia kulala. Virusi vilikuwa vikizunguka huko juu kati ya mbu na kima, mbali na macho ya watu. Kisha kima wakishuka kuiba ndizi mashambani, walikutana na mbu mwingine, Aedes simpsoni, azaliwaye katika maji yanayotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba. Huyo ndiye aliyeweza kumtia mkulima maradhi ya msituni.

Hapana budi tuseme wazi kwamba waliokaa juu ya madungu hayo, wakiwakamata mbu wanaofuata miili yao wenyewe, walikuwa wengi wao vijana wa Kiafrika. Sifa ya ugunduzi imeandikwa kwa majina ya wataalamu. Jasho na hatari vilikuwa vya watu ambao dunia haiwajui. Ilikuwa ni desturi ya enzi ya ukoloni, na tukimsifu Haddow bila kuwataja tutakuwa tumesimulia nusu ya habari.

Mwezi Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima mmoja wa aina ya resasi kutoka Asia, mwenye namba 766, aliyewekwa katika kizimba juu ya mti, alishikwa na homa. Katika damu yake vilipatikana virusi ambavyo havikuwa vya homa ya manjano. Januari 1948 virusi hivyo hivyo vilipatikana katika mbu wa msitu huo. Haddow na wenzake, George Dick na Stuart Kitchen, walivitangaza mwaka 1952 kwa jina la msitu wenyewe. Kwa miaka mingi hakuna aliyeviona kuwa ni tishio. Lakini mwaka 2007 virusi vya Zika vilizuka katika kisiwa cha Yap, katika bahari ya Pasifiki, na ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya wakaaji wake waliambukizwa. Mwaka 2015 vilienea Brazil, na watoto wakazaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Dunia ilipohaha kutafuta habari, ilirudi kwenye daftari za Entebbe.

Mwaka 1953 Haddow alipewa ukurugenzi wa taasisi hiyo, ambayo tangu 1950 ilikuwa ikiitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika ya Mashariki. Wakati huo huo wataalamu wake walikuwa wakishughulika na maradhi yaliyozuka mwaka 1952 katika wilaya ya Newala, kusini ya nchi yetu. Wamakonde waliyaita chikungunya, kwa jinsi yanavyomkunja mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu, hivyo watu waliyaweka ndani ya nyumba, na humo mitunguni ndimo mbu Aedes aegypti alimozaliana. Mwaka 1959 ikazuka homa nyingine kaskazini ya Uganda, iliyoitwa o'nyong-nyong kwa lugha ya Kiacholi. Katika miaka michache iliwakumba watu wapatao milioni mbili, na ikaingia Kenya na Tanganyika. Haddow alikuwa mmoja wa waliotoa maelezo yake ya kwanza, na mbu wake walikuwa ni wale wale waletao malaria.

Jambo linaloihusu zaidi Ufipa lilikuja baadaye. Daktari Denis Burkitt wa Kampala alikuwa akifuatilia uvimbe wa saratani uliowashika watoto taya, na mwaka 1961 yeye na wenzake walisafiri maili 10,000 kwa gari hadi Afrika ya Kusini, wakipita Tanganyika. Waliona kwamba maradhi hayo hayapatikani milimani, na kwamba kadiri walivyokwenda kusini mpaka wake ulizidi kushuka. Haddow alitambua maana yake: kilichoweka mpaka hakikuwa urefu wa mlima bali baridi. Palipokuwa na baridi nyingi, au mvua kidogo, uvimbe haukuwapo. Akadhani kwamba mbu ndiye anayechukua virusi vyake. Virusi viligunduliwa mwaka 1964 na watu wengine, na ikaja kujulikana kwamba mbu havichukui. Ila malaria, ambayo huletwa na mbu, ndiyo inayoudhoofisha mwili wa mtoto hata saratani ikapata nafasi. Unguja na Pemba, ambako wakati ule malaria ilipigwa vita kwa nguvu, uvimbe huo ulikuwa nadra. Hivyo Haddow alikosea nusu na kupatia nusu, na nusu aliyoipatia imewafaa watoto wengi.

Aliondoka Entebbe mwaka 1965, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow na kuongoza kitivo chake cha udaktari, na mwaka 1972 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza. Alifariki dunia mwaka 1978.

Kwa maoni yetu, fungu kubwa la kazi ya mtu huyu lilifanywa wakati ambapo hapakuwa na kilio. Afisa wa fedha wa leo angeweza kuuliza kuna faida gani kuwalipa watu wakae juu ya miti kuhesabu mbu wa msitu usio na wagonjwa. Jibu lilipatikana Yap na Brazil, baada ya miaka sitini.

Ndiyo sababu tunatoa wito kwa watumishi wa serikali wasingoje homa ianze ndipo watafute mhesabu mbu. Baridi ya Ufipa ni ukuta, lakini Haddow alitufundisha kwamba ukuta huo umejengwa kwa digrii za joto, na digrii hubadilika. Joto likipanda, mbu hupanda nalo. Dar es Salaam ilishikwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mabasi yatokayo huko hufika Sumbawanga. Wilaya ziwe na watu waliofunzwa kukagua mbu, na maabara ziweze kupima damu ya mwenye homa isiyokuwa malaria, badala ya kumpa dawa za malaria kwa kubahatisha.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ziwa Tanganyika na wa Bahari ya Hindi, wanajua kwamba kisiwa hakina mahali pa kukimbilia. Funzo lao ni lile la Newala: kila mtungi na pipa la maji lifunikwe, na kila kifuu na gurudumu kuukuu lisiachwe kukinga mvua. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo, wala haifai kungojea mtu wa kwanza augue.