Gurey: Jina la Mkono wa Kushoto

Chambilecho wahenga, jina jema hung'ara gizani. Je, na jina la ajabu? Hapa Balambala, ukingoni mwa Mto Tana, yapo majina yanayomshangaza mgeni. Katika ukoo wetu yuko Roble, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Yuko Warsame, maana yake habari njema. Yuko Geedi, aliyezaliwa safarini familia ikihama na ngamia. Na yuko Gurey, babu yetu mzaa baba, ambaye jina lake ni kusema mashoto, yaani mtu atumiaye mkono wa kushoto.

Jina hilo la babu ndilo lililozua maneno nyumbani. Sisi Wasomali huandika jina la mtu, la babake, kisha la babu yake. Ndugu yangu mdogo alipoletewa fomu ya mtihani, akataka Gurey liachwe, kwani wenzake humcheka ati ni jina la mkono wa chooni. Nikamwambia ngoja kwanza, nikutafutie Gurey wa zamani zaidi.

Naye si mwingine ila Imamu Ahmed bin Ibrahim, maarufu kama Ahmed Gurey. Alizaliwa mnamo 1506 hivi katika usultani wa Adal, uliokuwa na mji wa Harar na bandari ya Zeila. Wasomali humwita Gurey, Wahabeshi humwita Gragn. Lugha mbili, maana moja: mashoto. Wanahistoria hubishana juu ya kabila lake, lakini Wasomali humhesabu kuwa wao.

Alimwoa Bati del Wambara, binti wa Mahfuz, aliyekuwa liwali wa Zeila. Mama huyu hakukaa nyumbani kungoja habari, alifuatana na jeshi vitani. Mwaka 1529 Ahmed alimshinda Mfalme Lebna Dengel wa Uhabeshi katika vita vya Shimbra Kure, ijapokuwa jeshi la mfalme lilikuwa kubwa zaidi. Baadaye akaiteka sehemu kubwa ya nchi hiyo. Tusifiche jambo: makanisa mengi yalichomwa na watu wengi waliuawa. Ndiyo maana huko jina Gragn hutajwa kwa uchungu.

Mfalme alikufa 1540 akiwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata wakaja Wareno wapatao 400 wenye bunduki kuwasaidia Wahabeshi, wakiongozwa na Cristóvão da Gama. Wanafunzi wa historia mtalitambua jina hilo: babake ni yule Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi 1498. Ahmed naye akaletewa askari wa bunduki na Waturuki. Mwaka 1542 akamshinda Cristóvão, akamkamata na kumkata kichwa. Lakini Februari 1543, katika vita vya Wayna Daga karibu na Ziwa Tana (si mto wetu huu), Ahmed mwenyewe aliuawa, hajatimiza hata miaka arobaini. Jeshi lake likatawanyika. Mkewe akarudi Harar, akaolewa na Nur bin Mujahid, mpwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyejenga ukuta wa Harar unaoonekana hadi leo.

Basi jina Gurey halikuwa tusi wala sifa. Lilitaja mkono tu. Mkono wenyewe ndio uliolitia maana kwa matendo yake: kwa hawa ushujaa, kwa wale msiba. Babu yetu hakupigana vita na mfalme yeyote. Kwa mkono wake wa kushoto alitekea ngamia maji kisimani, na maziwa ya ngamia hao ndiyo yaliyomlea baba. Ndugu yangu akilifuta jina hilo, kicheko cha wenzake hakitafutika. Atakayefutika ni babu. Tena siku ya kuomba kitambulisho, majina yasipolingana na vyeti, ataenda na kurudi mpaka viatu viishe soli.

Nawe msomaji mwenye jina la kuchekesha, kawaulize wazee wako kabla hujalikana. Waulize sasa, wangali wapo. Hapo naitua kalamu.