Al-Kindi: Aliyehesabu Herufi Akafumbua Siri



Ndugu zangu, somo la uwezekano tulifundishwa shuleni kwa dadu na karata, na nimewasikia baadhi ya wenzetu wakisema kuwa hiyo ni hesabu ya wacheza kamari, haituhusu. Ni kweli kwamba mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu kamari, na kanuni nyingi za vitabu vyetu zilianzia hapo. Lakini miaka 800 kabla yao, Mwislamu mmoja alikwisha kupima makisio kwa hesabu, bila dadu. Nataka tumjue.

Abu Yusuf Ya'qub al-Kindi alizaliwa Kufa, Iraq, karibu na mwaka 801. Baba yake alikuwa liwali wa mji huo. Alisoma Baghdad, akafanya kazi chini ya Khalifa al-Ma'mun, kisha al-Mu'tasim akamkabidhi mwanawe Ahmad amsomeshe. Aliandika juu ya falsafa, tiba, nyota, muziki na hesabu.

Risala yake ninayoipenda zaidi inahusu kufumbua maandishi ya siri, ambamo kila herufi imebadilishwa na alama nyingine. Alichukua kurasa za Kiarabu cha kawaida akahesabu herufi zake. Katika herufi karibu 3,700, alifu zilikuwa 600 na lamu 437. Gawa 600 kwa jumla hiyo, unapata karibu 0.16. Maana yake, ukigusa herufi yoyote bila kuchagua, uwezekano wa kuwa ni alifu ni kama 16 katika 100. Basi alama inayojirudia zaidi katika barua ya siri huenda ikawa ni alifu.

Nasema huenda, kwa sababu hapo ndipo ilipo hekima yake. Alitahadharisha kuwa barua fupi haitoshi. Herufi chache hudanganya. Ndiyo maana kisio lilipaswa kujaribiwa kwenye maneno, na lisipoleta maana, liachwe.

Maisha yake hayakuwa mepesi. Zama za Khalifa al-Mutawakkil, wanahistoria wanasimulia, wana wa Musa, nao wanahesabu mashuhuri, walimchongea. Akapigwa, maktaba yake ikachukuliwa. Baadaye wana wa Musa walipata matatizo katika mfereji waliopewa na Khalifa kuusimamia. Mhandisi Sanad ibn Ali, ambaye msaada wake waliuhitaji, alikataa kuwasaidia mpaka al-Kindi arudishiwe vitabu vyake. Vikarudi.

Alifariki Baghdad karibu na mwaka 873. Risala ile ilikaa karne nyingi bila kujulikana, hadi ilipoonekana katika hazina ya maandiko Istanbul, miaka ya 1980.

Kwa nini nimewaletea habari hizi? Kwa sababu hapa chuoni tunahukumu haraka. Wanafunzi wawili wa idara fulani wakikosea, tunasema idara nzima ni hivyo. Huko ni kusoma barua ya maneno mawili na kudai umefumbua siri. Al-Kindi angetutaka tuhesabu kwanza, tena vya kutosha, na tuwe tayari kuliacha kisio letu. Mwenye kuisoma hesabu hii kwa nia hiyo hajaikaribia kamari, ameikimbia dhana.

Allah amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.