Mdomo Uliofumbwa Kwenye Noti ya Dola Moja

Bibi yangu wa Nyakakika hana jino hata moja. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na msimu wa senene ukifika anawatwanga kwanza ndipo ale. Likizo iliyopita nilimshauri aweke meno ya bandia, ile seti nzima ya kuvaa na kuvua. Akakataa katakata, eti hayo ni ya watu wa kujidai. Basi nikamsimulia maisha ya mtu ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola moja.

George Washington alizaliwa Virginia mwaka 1732. Alianza kung'olewa meno akiwa na miaka 24, na baada ya hapo yakawa yanafuatana tu. Aliongoza jeshi la Wamarekani dhidi ya Waingereza kuanzia 1775 hadi 1783 huku kinywa kikimuuma. Alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja.

Wengi tumesikia kwamba alivaa meno ya mbao. Si kweli. Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimchongea seti ya meno ya kiboko, mnyama huyuhuyu wa Mto Kagera, akaacha tundu la kupitisha lile jino moja. Nalo liling'oka mwaka 1796. Seti zake nyingine zilikuwa na madini ya risasi, meno ya wanyama na meno ya binadamu. Springi ziliunganisha juu na chini, kwa hiyo ilibidi abane taya muda wote, la sivyo mdomo unaachama wenyewe. Alilalamika kwa barua kwamba yanamsukuma midomo nje. Ile picha ya kwenye dola ilitokana na mchoro wa Gilbert Stuart wa mwaka huohuo wa 1796. Kumbe ule tunaoudhani ni ukali, kwa sehemu ni shida ya meno!

Ila kuna jambo lililonikaa rohoni. Daftari la hesabu za shamba lake, Mount Vernon, linaonyesha kuwa mwaka 1784 watu weusi walilipwa shilingi 122 kwa meno tisa, kwa ajili ya daktari wa meno Mfaransa aliyemtibu. Mtumwa angemkatalia nani? Washington alipofariki mwaka 1799, watumwa 317 waliishi pale, na wosia wake uliagiza wale aliowamiliki mwenyewe waachiwe huru baada ya kifo cha mkewe.

Nilimweleza bibi kwamba siku hizi hakuna anayeng'olewa jino ili mwingine atafune. Karne ya 19 ulikuja mpira mgumu, na kuanzia miaka ya 1930 plastiki ya akriliki, ambayo daktari anaifinyanga kulingana na fizi zako mwenyewe.

Bibi alinyamaza kitambo. Rais hakumuuliza habari zake hata kidogo. Aliuliza wale waliotoa meno tisa walitafunia nini baadaye. Mimi ninayesomea ualimu sikuwa na jibu, na nadhani siku nikimfundisha Washington darasani nitaanzia kwenye swali hilo.

Kahawa ikishauzwa, tutakwenda Kayanga kuulizia bei. Amekubali, kwa sharti kwamba senene wa kwanza atawatafuna yeye.