Mzee Koinange wa Mbiyu: Mkulima Aliyejenga Chuo

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, mwezi huu tunavuka mpaka kwenda kwa jirani zetu wa Kiambu, nchini Kenya. Tunakwenda huko kwa sababu ya kahawa, na kwa sababu mtu tutakayemsoma alitaka kwa watu wake jambo ambalo huku kwetu mlimani tulikuwa nalo tayari.

Koinange wa Mbiyu alizaliwa katika karne ya 19, kabla Wazungu hawajafika Kiambu. Alikuwa mtu wa shamba tangu utoto wake. Serikali ya Waingereza ilipoingia ilimfanya chifu, na baadaye akapewa cheo cha Chifu Mkuu. Alikuwa na wake kadhaa na watoto wengi, jambo ambalo Kanisa haliwezi kulisifu, lakini hatuna haki ya kulificha. Tusichoweza kukana ni kwamba nyumba ile kubwa aliitunza, na watoto wake aliwasomesha.

Sehemu ya ardhi ya ukoo wake ilichukuliwa na serikali ikapewa walowezi. Basi mzee huyu akawa na mabwana wawili: serikali iliyompa cheo, na ukoo uliodai ardhi yake. Mwaka 1931 alisafiri hadi London pamoja na James Mutua na Ezekiel Apindi, kutoa habari za Waafrika wa Kenya mbele ya Kamati ya Bunge la Uingereza. Kutoka Tanganyika alikuwapo Martin Kayamba wa Bonde, Mwanglikana mwenzetu aliyesoma Kiungani.

Mwaka uliofuata ilikuja Tume ya Ardhi ya Bwana Carter. Tume ilitaka ushahidi, na Wakikuyu hawakuwa na hati za maandishi. Inasimuliwa kwamba Koinange alifukua kaburi la babu yake katika ardhi iliyokuwa mikononi mwa Wazungu, ili mifupa yenyewe ionyeshe nani alikuwa pale kwanza. Sisi ambao wazee wetu wamelala kihambani, na masale yamepandwa kuonyesha mahali, hatuhitaji kuelezwa ni uchungu gani unaomfikisha mtu mzima kwenye tendo kama hilo. Lakini ardhi ile haikurudishwa.

Sasa tuje kwenye kahawa. Hapa Kilimanjaro Wachagga walipanda kahawa ya arabika katika vihamba vyao, wakihimizwa na Bwana Dundas aliyekuwa mkuu wa wilaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walowezi wa Moshi walipinga sana. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, rais wake akiwa Joseph Merinyo wa Old Moshi, na chama hicho ndicho kilichotangulia KNCU ya mwaka 1933. Kule Kenya walowezi walishinda. Walisema Mwafrika atalea wadudu na magonjwa, ataharibu sifa ya kahawa, ataiba ya jirani. Hawakusema kwa sauti kubwa kwamba mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwingine kwa mshahara mdogo. Koinange na wenzake wa Kiambu walidai ruhusa hiyo mwaka hata mwaka. Katika miaka ya 1930 serikali ililegeza kidogo huko Kisii, Embu na Meru, lakini Kiambu, karibu na mashamba ya walowezi, walizuiwa.

Aliponyimwa kupanda kahawa, hakuacha kusomesha. Mwanawe Mbiyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance High School mwaka 1926. Mwaka 1927 mzee alikubali aende Marekani, kwenye chuo cha Hampton huko Virginia. Fikiri, ndugu msomaji, ni baba wangapi wa siku zile, wasiojua kusoma, wangemtuma mwana mbali hivyo bila kujua atarudi lini! Kijana alirudi mwaka 1938, akiwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Baba na mwana wakaanza kazi. Shule za kujitegemea za Wakikuyu zilikuwa nyingi, walimu wakawa haba. Mwezi Januari 1939 kikafunguliwa Chuo cha Walimu huko Githunguri. Hakikujengwa kwa fedha za serikali. Marika ya Kikuyu yalishindana kuchanga, kila rika likitaka kulipita jingine, na akina mama nao wakachangia bweni la wasichana. Baadaye Jomo Kenyatta, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946, alikiongoza chuo hicho, na akamwoa Grace, binti wa mzee.

Mwaka 1951 Mbiyu alikwenda London tena kupeleka malalamiko ya ardhi, akabaki huko. Mwezi Agosti 1952 mzee alisimama pamoja na Kenyatta mbele ya umati mkubwa mjini Kiambu kukataa Mau Mau. Oktoba, Chifu Waruhiu aliuawa kwa risasi, na Koinange akakamatwa pamoja na mwanawe mmoja. Mahakama haikumtia hatiani. Hata hivyo serikali haikumwacha huru. Alizuiliwa miaka mingi, naye akiwa mkongwe. Chuo cha Githunguri kikafungwa.

Mzee akiwa bado kizuizini, mwaka 1954 serikali ya Kenya ilitoa mpango mpya wa kilimo ulioruhusu Waafrika kulima kahawa kwa wingi. Aliyeuandika ni Bwana Swynnerton, ambaye kabla ya kwenda Kenya alikuwa afisa wa kilimo huku kwetu. Mwaka 1948 yeye na Bwana Bennett wa KNCU walitoa kitabu juu ya kahawa ya chama chetu. Aliyoyaona katika vihamba vya Wachagga aliyajua vizuri.

Koinange alifariki mwaka 1960. Wakati huo miche ya kahawa ilikuwa imekwisha kuenea katika mashamba ya Wakikuyu wa Kiambu. Mwanawe Mbiyu alirudi Kenya, na baada ya uhuru alipata kuwa Waziri wa Elimu.