Marehemu Mzee Abeid Amani Karume na Mpira wa Miguu

Wanachama wetu wa Kibondo na Kasulu wanaobishana juu ya Simba na Yanga wamkumbuke Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, aliyezaliwa mwaka 1905. Alikuwa baharia, kisha akaongoza chama cha wenye mashua za abiria bandarini Unguja. Katika kandanda alikuwa mtu wa African Sports. Urais haukumtenga na mpira: mwaka 1971, kwa shauri lake, klabu ya Sunderland iliacha jina hilo la mji wa Uingereza, ikaitwa Simba. Utawala wake ulikuwa mkali, na wako walioumia. Tarehe 7 Aprili 1972 aliuawa kwa risasi akicheza bao Kisiwandui, akamwacha mjane, Mama Fatma, na wanawe Amani na Ali.