Jeevanjee: Buda Aliyeachia Nairobi Mahali pa Kukaa

Ukichoka kuzunguka tao, si unajua pale pa kukaa bila kulipa hata bob? Jeevanjee Gardens. Sasa cheki mwenye hilo jina.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856, akatua Mombasa 1890. Reli ilipoanza kujengwa, yeye ndiye aliwaletea Wazungu vibarua kutoka India. Akaanzisha gazeti la African Standard, hilo mnalosoma leo kama The Standard. Nairobi ikiwa bado matope na mabati, akawajengea watu soko.

1906 akatoa kiwanja chake katikati ya mji kiwe bustani ya kila mtu. Na hizo ndizo enzi serikali ilikuwa inawatengea Wazungu pekee mashamba ya nyanda za juu. 1909 akateuliwa kwenye bunge la wakoloni, Mhindi wa kwanza, akapinga huo ubaguzi.

Aliaga 1936, chapaa nyingi imeshaisha. 1991 kukawa na mpango wa kugeuza bustani iwe maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akakataa, wananchi wakamuunga mkono.

Kwa hivyo ukikalia ile benchi, jua ilitolewa, halafu ikapiganiwa.